Maji Bondeni, Boma Mlimani: Masasi na Newala chini ya Watawala Wengi

Anayetoka Lindi kwenda bara hufuata bonde la mto Lukuledi, na kwa sehemu kubwa ya safari yake mkono wa kushoto huandamana na ukuta wa ardhi iliyoinuka. Huo ni ukingo wa kaskazini wa uwanda wa juu wa Makonde. Ukuta unapokoma upande wa magharibi, hutokea nchi ya tambarare yenye majabali makubwa ya mawe matupu, kila moja limesimama peke yake kama aliyesusa wenzake. Chini ya majabali hayo uko mji wa Masasi. Newala iko kwingine: juu ya uwanda wenyewe, kwenye ukingo wa kusini-magharibi, pale ardhi inapokatika ghafla na jicho kuteremka hadi bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo yake. Mteremko huo wenyeji huuita Shimo la Mungu.

Wilaya hizi mbili ni jirani, na mara nyingi zimetajwa kwa pumzi moja, lakini kwa jambo moja hazifanani hata kidogo. Masasi ina maji na haina ngome. Newala ina ngome ya Mwenyezi Mungu na haina maji. Uwanda wa Makonde ni mchanga mtupu. Mvua ikinyesha hunyonywa yote, ikazama, ikaenda kutokeza kwenye chemchemi za chini, miguuni mwa mlima. Aliyejenga juu alijua kwamba mkewe na binti zake watateremka kila siku na mitungi na kupanda nayo, safari ya saa nyingi. Hata hivyo watu walijenga juu, tena kwa makusudi. Katika karne ya 19, njia za misafara ya watumwa zilipokuwa zikikata nchi kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa, Lindi na Mikindani, vichaka vizito vya uwanda vilikuwa hifadhi bora kuliko mto. Mtekaji naye hunywa maji, na asipoyapata hakai.

Historia ya watawala wa nchi hii, waliokuja mmoja baada ya mwingine na kila mmoja na bendera yake, inaeleweka vizuri zaidi mtu akiitazama kutoka kwenye mtungi huo wa maji. Kila mtawala aliahidi kuwa watu wataishi kwa usalama bila ya kulazimika kuikimbia chemchemi. Ahadi ilitimizwa kwa vipindi, na vipindi vyenyewe vilikuwa vifupi.

Mtawala wa kwanza wa kutajwa alikuwa mbali. Sultani wa Unguja alikuwa na liwali Lindi na Mikindani, akitoza ushuru wa vilivyoshuka kutoka bara: pembe, mpira, na kwa miaka mingi, watu. Huko bara bendera yake nyekundu ilijulikana zaidi kwa misafara kuliko kwa amri. Lakini kwa njia nyingine Unguja ndiyo iliyoanzisha mji wa Masasi. Mkataba wa Juni 1873 kati ya Sultani Barghash na Waingereza ulilifunga soko la watumwa la Mkunazini, na manowari za Kiingereza zikaendelea kukamata majahazi baharini na kuleta waliokutwa ndani yake. Wengi wao waliwekwa katika shamba la misheni ya Kianglikana ya UMCA huko Mbweni. Walikuwa watu huru wasio na kwao. Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili na kujenga kanisa mahali palipokuwa soko, akaona wapelekwe karibu na nchi walizotolewa. Mwezi Oktoba 1876 akaondoka Unguja na kundi la watu zaidi ya hamsini, wanaume kwa wanawake, wakashukia Lindi na kushika njia ya bara.

Nia ilikuwa ni kuelekea Nyasa. Walipofika Masasi, mwezi Novemba, nchi ikawapendeza: udongo mzuri, maji ya kutosha, majabali ya kukinga upepo. Wakakata shauri kubaki. Ni jambo la kutafakari kwamba watu waliochukuliwa utumwani kupitia njia hizo hizo walirudi kwa miguu yao na kujenga nyumba kando ya njia. Hawakuwa wa kabila moja. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili cha Unguja, na kwa hivyo Masasi ikawa mji wa Kiswahili katikati ya Wayao, Wamakua na Wamakonde kabla haijapata mtawala wa kueleweka.

Misheni ilijikuta imekuwa serikali bila ya kutaka. Padri Chauncy Maples na wenzake walikuja kufundisha, wakaletewa kesi za wizi na za ndoa, na wenyeji wa pembezoni waliotafuta ulinzi wakaja kujenga karibu. Ulinzi huo ulikuwa jina tu. Septemba 1882 Wangoni kutoka upande wa Songea, waliojulikana huku kwa jina la Magwangwara, waliivamia Masasi. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, na wengine, wakiwamo waliokwisha kukombolewa mara moja baharini, wakachukuliwa mateka. Baadhi walikombolewa tena kwa mali. Wengine hawakurudi. Steere hakuyaona hayo. Alifariki Unguja mwishoni mwa Agosti mwaka huo, wiki chache kabla.

Hapo ndipo Newala inapoingia. Juu ya uwanda alikuwapo Matola, mkuu wa Wayao, mtu aliyejua thamani ya mlima. Wayao wake walikuwa wageni katika nchi ya Wamakonde, lakini alikuwa na bunduki, na alikuwa na busara ya kupokea watu. Maples akapanda kwake na sehemu ya waumini, na kwa miaka michache makao ya misheni yakawa Newala. Waliokuja kutoka Masasi sasa walikuwa salama na wenye kiu. Hofu ilipopungua, misheni ikateremka tena Masasi. Kupanda na kushuka huku kutarudiwa na wengine wengi, wenye nguvu kuliko mapadri.

Desemba 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana, mezani Ulaya, kwamba mpaka wao uwe mto Ruvuma. Wamakonde, Wamakua na Wayao walioishi kingo zote mbili hawakuulizwa. Miaka miwili baadaye mawakala wa kampuni ya Kijerumani walifika Lindi na Mikindani kupandisha bendera yao kando ya ile ya Sultani, na pwani nzima ikawaka. Wajerumani walirudi na jeshi na kuishika pwani. Juu ya uwanda, Machemba wa Luagala, Myao naye, aliitwa aende Pwani kumsujudia Wissmann. Mwaka 1890 alijibu kwa barua ya Kiswahili. Ujumbe wake ulikuwa wazi: urafiki aliukubali, biashara aliikubali, lakini kuwa chini ya mtu mwingine hakuona sababu yake. Kwa miaka karibu kumi alipigana, akapatana, kisha akakataa tena, hasa ilipokuja kodi ya nyumba ya mwaka 1898. Mwaka 1899 Luagala iliangushwa, na Machemba akavuka Ruvuma kuingia upande wa Wareno. Mpaka uliochorwa kumfunga ukawa mlango wake wa kutokea.

Ilipozuka Vita vya Majimaji mwaka 1905, safari hii hatari ilitoka kaskazini, na mwishoni mwa Agosti misheni ya Masasi iliteketezwa kwa mara ya pili. Wazungu wake walikuwa wamekwisha kukimbilia Lindi. Vituo vya Wabenediktini vya Nyangao na Lukuledi vilichomwa pia. Matola wa pili, aliyerithi jina, hakujiunga na wapiganaji, wala Nakaam wa upande wa Chiwata. Waandishi wengine wamewahukumu kuwa vibaraka. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Viongozi hawa walikuwa wageni waliojijengea nafasi kwa kulinda watu, na kwao kundi lenye silaha linalotoka mbali, hata likibeba maji ya dawa, lilifanana sana na makundi waliyoyajua tangu utotoni. Kwa upande mwingine, waliojiunga walikuwa na kodi na kiboko cha akida migongoni mwao, na njaa iliyofuata vita haikubagua nani alikuwa upande gani.

Mwaka 1906, nchi ikingali majivu, alifika profesa kutoka Leipzig, Karl Weule. Alikaa Masasi, akakaa Chingulungulu kwa Matola, akapanda Newala na kukaa huko majuma kadhaa. Alibeba mashine ya kunasia sauti kwenye mitungi ya nta, na nyingine ya kupigia picha zinazotembea. Alinasa nyimbo za wabeba mizigo na za ngoma, akanunua vinyago, ndonya, vyungu na vitana, akavipeleka Ujerumani kwa mamia. Maandishi yake yana dharau ya wakati wake, lakini aliona yale ambayo maofisa hawakuyaandika: jinsi wanawake wa Newala walivyoteremka na kupanda kutafuta maji, na jinsi maji hayo yalivyokuwa machache na machafu. Sauti zilizonaswa kwenye uwanda zimekaa Ujerumani muda mrefu kuliko Wajerumani walivyokaa kwenye uwanda.

Katika miaka hiyo hiyo Uislamu ulienea kwa kasi kutoka Lindi hadi vijijini, ukipelekwa na walimu wa tariqa ya Qadiriyya zaidi kuliko na wafanyabiashara. Mwaka 1908 ilisambaa pwani ile iliyokuja kuitwa barua ya Makka, ikihimiza watu watubu kwa kuwa mwisho u karibu. Wajerumani wa Lindi, waliokuwa bado wakiota Majimaji, walihangaika nayo mno. Watu kwa upande wao walisali.

Sehemu ya historia hii inayojulikana kidogo kuliko zote ni ile ya mwaka 1916, Newala ilipokuwa chini ya Ureno. Utawala huo ulidumu takriban mwezi mmoja. Ureno iliingia katika Vita Vikuu mwezi Machi mwaka huo, na kwa kuwa Waingereza walikuwa wakiwasukuma Wajerumani kutoka kaskazini, serikali ya Lisbon ilitaka nayo isikose fungu. Septemba majeshi ya Jenerali Ferreira Gil yalivuka Ruvuma. Askari wengi walikuwa vijana kutoka Ulaya wasiozoea nchi, na malaria iliwapunguza kabla ya risasi. Tarehe 26 Oktoba walipanda Newala na kulishika boma, bendera ya Ureno ikapepea juu ya Shimo la Mungu. Bila ya shaka ofisa aliyesimama pale siku ile na kulitazama bonde zima chini yake aliona kwamba mahali hapa hapashindiki.

Wajerumani walikuwa wameijua Newala kwa miaka mingi. Hawakuharakisha kulishambulia boma. Tarehe 22 Novemba waliwapiga Wareno kwenye kijito cha chini na kuikamata chemchemi. Baada ya hapo walikuwa na kazi moja tu, kuwazingira walio juu na kuwapiga mizinga. Wareno walistahimili siku sita. Usiku wa tarehe 28 walitoka kimya kimya na kukimbilia mtoni, wakiacha nyuma silaha na vifaa vingi. Kilichowang'oa kilikuwa kiu, na somo hilo angeweza kuwapa mtoto yeyote wa Newala tangu siku ya kwanza.

Mwaka uliofuata vita vyenyewe vilihamia huku. Oktoba 1917, huko Mahiwa, bonde la Lukuledi lilishuhudia mapigano makali kuliko yote ya Afrika Mashariki katika vita vile. Kwa siku nne Waafrika wa pande mbili, na Wahindi na Wanaijeria walioletwa na Waingereza, waliuana kwa ajili ya wafalme wasiowajua. Wapagazi waliokufa ni wengi kuliko askari. Unguja nayo ilitoa wapagazi wake, waliokusanywa na Askofu Frank Weston. Tarehe 25 Novemba 1917 von Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma karibu na Negomano na kuwashambulia Wareno ng'ambo. Kikosi cha Kapteni Tafel, kilichokuwa kikija kutoka Mahenge kuungana naye, kilimkosa kwa umbali mdogo sana na kikasalimu amri karibu na Newala siku chache baadaye. Utawala wa Kijerumani katika nchi hii ulimalizikia hapo, kwenye uwanda mkavu, kwa watu waliochoka.

Mapadri wa Kiingereza walikuwa wamewekwa kizuizini tangu vita vilipoanza, na kwa miaka hiyo makanisa ya Masasi na Newala yaliendeshwa na mapadri na walimu Waafrika, wakiwamo watoto na wajukuu wa wale wa 1876. Waliporudi wamisheni walikuta watu waliojizoeza kuamua mambo yao. Pengine ndiyo maana Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alifanya jambo ambalo wamisheni wengi wa wakati wake wasingethubutu. Badala ya kuipiga marufuku jando, aliikubali iingizwe kanisani, na vijana wa Kikristo wakaendelea kwenda porini, kukaa kambini na kufundwa, msalaba ukiwa pamoja nao. Lucas alisifiwa Ulaya kwa hilo. Sifa kubwa zaidi wanastahili makasisi Waafrika waliomwonesha njia, kwa kuwa wao walijua kwamba mzazi wa Masasi, akitakiwa achague baina ya jando na ubatizo, hatauchagua ubatizo.

Waingereza walikuwa na tatizo jingine. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alitaka kila kabila litawaliwe kupitia mfalme wake wa jadi. Wamakonde hawakuwa na mfalme. Walikuwa na wakulungwa, wazee wa vitongoji, kila mmoja na watu wake wachache, na mtu asiyeridhika na mzee wake alihama akafyeka kichaka kingine. Serikali ilitafuta mfalme, ikamkosa, na mwisho ikaweka maliwali. Msomaji wa visiwani atatabasamu hapa. Cheo cha Sultani, ambacho katika enzi ya Sultani mwenyewe hakikupata kupanda uwandani, kilipandishwa huko na Waingereza kama utawala wa kienyeji.

Yaliyobadilisha maisha zaidi kuliko maliwali yalikuwa mambo mawili: mkorosho na bomba. Mkorosho unaupenda mchanga ule ule usioshika maji, na tangu miaka ya 1940 na 1950 ulifanya uwanda uliokuwa wa mihogo na mtama kuwa nchi ya fedha. Na katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa maji wa Makonde, wa kusukuma maji ya chemchemi za chini kwa mashine hadi juu. Kwa mara ya kwanza maji yalimpandia mtu. Yalikuja na bei, na watu walilalamikia bei hiyo, lakini mwanamke aliyekuwa akiondoka alfajiri na kurudi mchana hakuhitaji kuelezwa maana ya bomba. Kwa upande wa Nachingwea, jirani ya Masasi, serikali hiyo hiyo ilitumbukiza fedha katika mpango wa karanga ulioanza 1947 na kufa 1951. Mashine zake zilishindwa na udongo, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara haikuishi muda mrefu baada ya Uhuru.

Uhuru wa 1961 uliikuta Masasi na askofu mgeni na mashuhuri, Trevor Huddleston, aliyetoka kupambana na ubaguzi Afrika Kusini. Ilikuta pia kijana wa Lupaso, kijiji cha wilaya hiyo, aliyezaliwa 1938, akiwa masomoni Makerere: Benjamin Mkapa, atakayeiongoza Tanzania kuanzia 1995 hadi 2005 na kurudi kuzikwa Lupaso mwaka 2020. Lakini kwa wakazi wa mpakani, jambo kubwa la muongo ule lilikuwa vita vya FRELIMO vilivyoanza Septemba 1964. Ruvuma ukawa mto wa wakimbizi. Maelfu walivuka kuingia Newala na Masasi, wengi wao Wamakonde wenye ndugu upande huu, na vijiji vya mpakani vilionja mabomu ya Wareno, wale wale waliofukuzwa na kiu miaka hamsini kabla.

Vita hivyo vilikuwa sababu moja ya mkoa wa Mtwara kutangulia katika kuhamishia watu vijijini. Kijiji kilikuwa kambi ya ulinzi na mgambo kabla ya kuwa cha ujamaa. Nia ya kuwasogezea watu shule, zahanati na maji ilikuwa ya kweli, na wengi walizipata. Gharama yake ilikuwa mikorosho. Mtu aliyehamishiwa kando ya barabara aliuacha mkorosho wake mwendo wa saa mbili au tatu, magugu yakaumeza, na bei iliyolipwa na mamlaka haikumpa sababu ya kuufuata. Kisha ukaja ugonjwa wa ubwiri unga. Mavuno ya korosho ya nchi nzima, ambayo yalifika tani 145,000 msimu wa 1973/74, yalianguka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Watawala waliotangulia walikuwa wamewahangaisha watu wa uwanda kwa vita na kodi. Huyu wao wenyewe, aliyewapenda, aliwaondoa kwenye miti yao.

Wengi walirudi taratibu, bila ya tangazo. Dawa ya salfa ikapatikana, bei ikapanda, mkorosho ukasamehe. Tandahimba ikagawanywa kutoka Newala mwaka 1995. Tarehe 12 Mei 2010 marais wa Tanzania na Msumbiji walifungua daraja la Umoja juu ya Ruvuma, baina ya Mtambaswala na Negomano, katika sehemu zile zile alikovukia Lettow-Vorbeck.

Mashine za maji za Makonde nazo zimezeeka na kufufuliwa mara nyingi. Kwa hivyo anayejenga nyumba ya bati juu ya uwanda, Newala au Tandahimba, kabla hajanunua mlango huchimba shimo uani, akalisakafia kwa saruji na kulielekezea mfereji kutoka ukingo wa paa. Mvua za Desemba hulijaza. Likijaa hufungwa kwa kufuli, na ufunguo hukaa kwa mama mwenye nyumba.